Asilimia 20 ya nini? Mwongozo kamili wa kulinganisha vyeti vya majengo ya kijani kwa wajenzi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Mwaka huu nimeletewa makabrasha manne ya wateja waliokwama mahali pale pale: kuchagua cheti cha jengo la kijani, yaani jengo linalotumia nishati, maji na vifaa kwa uangalifu. Mmoja alikwisha kulipa ada ya kusajili mradi wake LEED, cheti cha kijani cha Marekani, ndipo akagundua kuna sharti la lazima ambalo jengo lake haliwezi kulitimiza. Wa pili ana cheti cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, mkononi na anaapa kuwa ndicho cheti cha kijani. Wa tatu alijaza programu nzima ya kompyuta ya cheti kwa hali ya hewa ya mji usio wake. Wa nne ni mama mmoja anayejenga nyumba ya wageni Uyole, Mbeya. Alikaa kitini, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, Gold na nyota tano, kipi kikubwa?"

Nikakosa jibu. Ni kama kuuliza debe na rula kipi kirefu.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, kazi yangu ni hesabu. Mwongozo huu unakuanzisha kwenye michoro uliyonayo na kukufikisha kwenye uamuzi: uchukue cheti kipi, au usichukue kabisa. Tenga wiki mbili. Mfano nitakaoutumia ni jengo kama la yule mama: ghorofa moja, vyumba 24, eneo la sakafu mita za mraba 900, paa mita za mraba 480, wageni 30 kwa siku ya kawaida.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Michoro ya usanifu yenye vipimo na mshale wa kaskazini. Michoro isiyo na mshale irudishe kwa msanifu.
- BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi na kiasi chake, hata kama ni ya awali.
- Risiti za LUKU na ankara za maji za miezi 12 kutoka jengo linalofanana na lako. Kama huna jengo, omba za jirani mwenye biashara kama yako.
- Wastani wa joto na mvua wa kila mwezi kwa mji wako. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ndiyo mahali pa kuuliza.
- Orodha ya alama ya kila cheti unachokifikiria. Ya LEED hupakuliwa bure.
- Kompyuta yenye intaneti. Programu ya EDGE, cheti kingine cha kijani, hufunguliwa mtandaoni na kujaribiwa bila malipo.
- Ndoo ya lita 10 na simu yenye saa. Usicheke, utaihitaji hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Tenga vyeti vya majengo na karatasi nyingine

Panga mezani kila karatasi yenye neno "mazingira". Nyingi zitatoka.

Cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira kinachotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ni ruhusa ya kisheria. Kinasema mradi wako umechunguzwa na athari zake zina mpango wa kudhibitiwa. Hakipimi lita wala uniti.

ISO 14001 ni mfumo wa uongozi wa kampuni. Mkandarasi anaweza kuwa nayo na bado akakujengea tanuri la kuishi watu. FSC ni ya msitu na mbao zake, nayo alama ya TBS ni ya ubora wa bidhaa. Zote zina kazi yake, na baadhi zitakusaidia kupata alama huko mbele, lakini hakuna hata moja inayolipatia jengo jina la kijani.

Upande wa pili nao una mipaka yake: hakuna cheti cha kijani kinachosema jengo halitaanguka. Mbeya ipo ndani ya Bonde la Ufa, ardhi hutikisika. Nondo, msingi na zege ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi (ERB) na kibali cha halmashauri. Nimewahi kuona mtu akipunguza nondo ili "kuokoa kaboni". Usithubutu.

Umemaliza hatua hii ukibaki na rundo dogo: EDGE, LEED, BREEAM, Green Star, na labda kimoja kingine.

## Hatua ya 2: Muulize anayekitaka cheti

Hapa watu huruka, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Andika jina la anayekihitaji. Kama ni benki, muombe afisa mikopo akuandikie barua au baruapepe akitaja cheti gani, ngazi gani, na kama anakubali cheti cha awali au lazima cha mwisho. Fedha za kijani si hadithi tena nchini: benki ya CRDB iliuza hatifungani yake ya Kijani Bond mwaka 2023, na Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ikafuata na ya maji mwaka 2024. Lakini kila mwenye fedha ana orodha yake. Shirika la kigeni litakalopanga ofisi kwako huenda likataka LEED kwa sababu makao makuu yao yanaifahamu. Mwekezaji wa Uingereza atakuuliza BREEAM.

Kama anayekitaka ni wewe mwenyewe, kwa ajili ya bili ndogo na sifa, una uhuru mkubwa. Unaweza kufanya hatua zote hizi, ukajenga kwa namba hizo, na usilipie cheti chochote. Nimewashauri hivyo wateja wawili mwaka huu na sijutii.

Onyo: "Jengo liwe la kijani" kwa mdomo si sharti. Bila maandishi utalipa, kisha utaambiwa walikuwa wanamaanisha kingine.

## Hatua ya 3: Jua kila kimoja kinapimaje

EDGE ni ya IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Haina alama za kujumlisha. Ina milango mitatu: nishati, maji, na kaboni iliyomo kwenye vifaa vya ujenzi, yaani ile inayotoka vinapotengenezwa. Kila mlango unadai akiba ya angalau asilimia 20 ukilinganisha na jengo la kawaida la aina hiyo mahali hapo. Ukipata 45 kwenye maji na 17 kwenye vifaa, umeanguka. Ngazi inayofuata, EDGE Advanced, inadai asilimia 40 kwenye nishati, huku maji na vifaa vikibaki 20.

LEED ni ya baraza la majengo ya kijani la Marekani, USGBC. Hapa unakusanya alama hadi 110: kuanzia 40 umepata cheti, 50 Silver, 60 Gold, 80 Platinum. Katika toleo la v4 la majengo mapya, nishati peke yake ina alama 33, mahali na usafiri 16, hewa na starehe ya ndani 16, vifaa 13, maji 11. Toleo la v5 lilizinduliwa Aprili 2025, kwa hiyo hakikisha wewe na mshauri wako mnasoma toleo moja. Kabla ya alama kuna masharti ya lazima, na hayo ndiyo yaliyomkwamisha mteja wangu wa kwanza: jengo lazima lipite kiwango cha nishati cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya joto na ubaridi cha Marekani, mtaalamu athibitishe kuwa mitambo inafanya kazi ilivyochorwa, mita ya jengo zima ifungwe na taarifa zake zitolewe kwa miaka mitano, na sigara zipigwe marufuku ndani. Nje, mahali pa kuvuta sigara pawe angalau mita 7.5 kutoka milangoni na madirishani. Yeye ana baa ya wateja wanaovuta, veranda yake ina upana wa mita tatu.

BREEAM ya Uingereza ndiyo kongwe, imeanza 1990. Inatoa asilimia moja ya jumla: 30 ni Pass, 45 Good, 55 Very Good, 70 Excellent, 85 Outstanding. Uzuri wake ni kwamba katika toleo la kimataifa uzito wa kila kundi hurekebishwa kulingana na nchi. Ugumu wake ni kwamba lazima umpate mtathmini mwenye leseni yao, na ngazi za juu zina viwango vya chini vya lazima kwenye baadhi ya makundi.

Green Star ilizaliwa Australia, na kwa bara letu inasimamiwa zaidi na baraza la Afrika Kusini lililoanzishwa 2007. Nyota nne ni alama 45 hadi 59, nyota tano 60 hadi 74, nyota sita 75 na kuendelea. Mradi wa nje ya Afrika Kusini huandaliwa taarifa ya mazingira ya nchi husika ili vigezo visomeke kwa hali ya huko. Ni kazi ya ziada, iweke kwenye ratiba.

WELL inapima afya ya watumiaji zaidi ya jengo. Passivhaus inadai joto la kupasha nyumba lisizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Ni elimu nzuri kwa mtu wa Makete kwenye baridi, lakini sijaona mkopo wa hapa unaoidai.

Sasa unaona kwa nini yule mama hakupata jibu. Gold ya LEED inaanzia 60 kati ya 110, ambayo ni kama asilimia 55. Nyota tano inaanzia 60 kati ya 100 za msingi. Huwezi kuziweka kwenye mizani moja kwa sababu kila alama imenunuliwa kwa kitu tofauti.

## Hatua ya 4: Uliza "asilimia ya nini?"

Hii ndiyo hatua ninayotaka uikalie. Kila asilimia inapimwa dhidi ya jengo la kulinganishia, jengo la kufikirika ambalo mwenye cheti amelichora kichwani. Usipolijua jengo hilo, namba yako haina maana.

Chukua ndoo. Nenda kwenye nyumba ya wageni iliyopo, fungua shawa hadi mwisho, pima sekunde za kujaza lita 10. Ikijaa kwa sekunde 50, shawa inatoa lita 12 kwa dakika. Sasa tuseme umepata shawa mpya za lita 8 kwa dakika.

Ukilinganisha na ile ya lita 12, umeokoa asilimia 33. Lakini LEED hailinganishi na shawa ya mtaani kwako. Kipimo chake cha msingi ni lita 9.5 kwa dakika. Shawa ile ile, fundi yule yule, akiba sasa ni asilimia 16 tu. Mtu anayekuambia "hizi shawa zinaokoa theluthi" hakudanganyi, ila pia hajakusaidia.

Endelea na hesabu, maana shawa nyanda za juu si maji tu. Wageni 30, kila mmoja dakika 6:

- Shawa ya lita 12: lita 2,160 kwa siku.
- Shawa ya lita 8: lita 1,440 kwa siku.

Maji ya bomba asubuhi ya Julai yanaweza kuwa na nyuzijoto 15. Kuyafikisha 40 ni kupanda nyuzi 25. Lita moja kwa nyuzi moja inahitaji kilojuli 4.186, na uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Kwa hiyo lita 2,160 zinakula uniti 63 kwa siku, na lita 1,440 zinakula uniti 42. Uniti 21 kila siku zimebaki kwenye mita kwa kubadilisha kitu kinachoshikwa kiganjani. Zidisha na bei iliyopo kwenye risiti yako ya LUKU, kisha nenda kanunue.

Angalia na hili. Dar es Salaam maji ya bomba yakiwa na nyuzi 27, kupanda ni nyuzi 13 tu. Oga moja ya Mbeya inakula umeme karibu mara mbili ya oga ya pwani. Kwa sababu hiyo, kwenye jengo letu hita ya sola na shawa ndogo huja kabla ya feni na vioo vya rangi.

Fanya vivyo hivyo kwa vyoo. Watu 36 pamoja na wafanyakazi, kila mmoja akitumia mara tano kwa siku kwenye tangi la lita 6, ni lita 1,080. Choo cha vitufe viwili, lita 6 mara moja na lita 3 mara nne, kinashuka hadi lita 648. Lakini hesabu hiyo inategemea mgeni kubonyeza kitufe kidogo. Bandika kakibao ukutani.

Utajua umefaulu pale kila asilimia kwenye karatasi yako itakapokuwa na maneno mawili mbele yake: "dhidi ya".

## Hatua ya 5: Weka hali ya hewa ya kwako

Kosa hili nililifanya mwenyewe, kwa hiyo nalieleza kwa aibu kidogo. Mara ya kwanza nilipojaza EDGE kwa mradi wa huku sikuupata mji wangu kwenye orodha, nikachagua Dar es Salaam kwa haraka nikidhani nitarudi kubadilisha. Sikurudi. Programu ikanipa akiba nzuri ya nishati kwa vivuli vya madirisha, bati la kung'aa na feni. Mkaguzi alipoweka joto halisi la kila mwezi, akiba ikaporomoka chini ya 20. Tulikuwa tumeokoa ubaridi ambao hakuna mtu wa Mbeya angeununua.

Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000. Kama mji wako haumo kwenye orodha, fungua sehemu ya dhana za msingi, ingiza joto la kila mwezi, latitudo, na bei ya umeme na maji. Hifadhi ushahidi wa namba hizo, mkaguzi atauliza zimetoka wapi.

Jambo la pili: EDGE huhesabu hata nishati ambayo ingehitajika kuwapa watu starehe katika jengo lisilo na kiyoyozi wala hita. Wengi huona mstari huo kwenye grafu, wakadhani programu imekosea. Haijakosea. Inakuambia wageni wako watakuwa na baridi.

Kwa hiyo rekebisha jengo. Tuko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana ya Juni, msimu wa baridi, jua huwa upande wa kaskazini, kama digrii 58 kutoka ardhini. Desemba huhamia kusini, juu kabisa, digrii 75 hivi. Vyumba vya kulala vyenye madirisha ya kaskazini vitapata jua la Juni bure. Madirisha makubwa ya magharibi yatakuchoma jioni ya Oktoba na kukugandisha usiku wa Julai. Kisha weka kizuia joto juu ya dari kabla ya kufikiria kioo cha gharama, kwa sababu bati tupu juu ya silingbodi halizuii kitu.

Onyo la uhai: Nyumba iliyozibwa vizuri dhidi ya baridi ikiingizwa jiko la mkaa inaua. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Kama wageni au walinzi wako wana desturi ya kulala na jiko, wape namna nyingine ya joto kabla hujaziba mianya.

Onyo dogo: Makete, Kitulo na sehemu za Njombe hupata jalidi Juni na Julai. Hita ya sola inayopitisha maji moja kwa moja kwenye paneli inaweza kupasuka mabomba. Agiza ile yenye kimiminika kisichoganda kinachozunguka kwenye mabomba yake, bila kuchanganyika na maji ya kuoga.

## Hatua ya 6: Vifaa, na mstari wa kilomita 160

Fungua BOQ. Weka alama kwenye vitu vinne: ukuta, sakafu za zege, paa, na marumaru. Hapo ndipo kaboni ya jengo ilipo. Vitasa na rangi utavishughulikia baadaye.

Ukuta kwanza. Tofali la kuchoma limetuzunguka kila bonde, na moto wake ni wa kuni au pumba za mpunga kutoka mashamba ya Usangu na Kyela. Fundi mmoja wa tanuru aliniambia, "Bosi, pumba si bure hizi? Kaboni inatoka wapi?" Hoja yake ina mantiki, lakini programu ya EDGE haioni pumba zako. Inaona tofali lililochomwa, ina namba yake, na namba hiyo ni kubwa. Tofali la kufungamana la udongo na saruji kidogo, lisilochomwa, hutoa akiba kubwa zaidi kwenye mlango wa vifaa. Sharti lake ni kupimwa nguvu maabara kabla ya kujenga, siyo baada ya ukuta kupanda. Iringa mna mawe kila kona, na jiwe la asili kwenye msingi na kuta za chini ni chaguo zuri kama mchongaji yupo karibu. Kuta za zamani ukizibakisha, EDGE inahesabu kaboni yake kama sifuri. Usibomoe kabla ya kufikiria.

Sasa mstari wa kilomita 160. LEED v4 inaipa bidhaa thamani mara mbili ikiwa imechimbwa au kuvunwa, kutengenezwa na kununuliwa ndani ya kilomita 160 kutoka kwenye mradi, mradi tu iwe imekwisha kutimiza kigezo kingine, kwa mfano mbao yenye hati ya FSC. Umbali hupimwa kwa mstari ulionyooka. Chukua ramani na bikari. Kutoka Iringa mjini, Mafinga na mashamba ya miti ya Sao Hill yako kama kilomita 75: ndani. Kutoka Mbeya mjini ni zaidi ya 200: nje. Kwa saruji mambo yanageuka. Kiwanda cha Songwe kipo mlangoni mwa Mbeya, lakini Iringa kipo nje ya duara. Kwa hiyo majengo mawili yaliyofanana kila kitu, moja Gangilonga ya Iringa na jingine Forest ya Mbeya, yatapata hesabu tofauti. Mshauri aliyekunakilia jedwali la mradi wa Iringa akakuletea Mbeya, mrudishie.

EDGE haina duara hilo.

## Hatua ya 7: Maji ya mvua bila kujidanganya

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 480, tuseme mvua ya milimita 900 kwa mwaka, toa asilimia 20 inayopotea: lita 345,600. Mtu akiona namba hiyo anacheka peke yake.

Lakini mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Jengo likitumia lita 5,000 kwa siku, kiangazi cha Juni hadi Oktoba, siku 153, kinahitaji lita 765,000. Hizo ni simtanki za lita 10,000 zaidi ya 76. Utaziweka wapi? Elekeza maji ya mvua kwenye vyoo na bustani, chora jedwali la mwezi kwa mwezi, na uingize kwenye programu kile ambacho tangi lako linaweza kushika kweli. Wa Tukuyu mna bahati yenu, mvua zinazidi milimita 2,000, fanyeni hesabu upya.

## Hatua ya 8: Jedwali moja, safu tano

Fungua jedwali kwenye kompyuta. Mistari ni vyeti, safu ni hizi: masharti ya lazima ambayo jengo halitimizi leo, gharama ya kuyatimiza, alama au asilimia ninayopata sasa, gharama ya kufika ngazi iliyoombwa kwenye barua, ada zote pamoja na nauli ya mkaguzi.

Jaza safu ya kwanza kwa vyeti vyote kabla ya kugusa ya pili. Cheti kinachodai kitu usichoweza, kifute hapo hapo, hata kama kina jina kubwa. Kwa jengo la Uyole, LEED ilitoka kwenye safu ya kwanza kwa sababu ya mtaalamu wa kuthibitisha mitambo, ambaye angelipwa ili akague jengo lisilo na mitambo ya maana. BREEAM ilitoka kwenye safu ya tano, nauli. Green Star na EDGE zikabaki, na barua ya benki ilitaja EDGE.

Ada omba kwa maandishi kutoka kwa mtoaji wa cheti, kwa ukubwa wa jengo lako. Usichukue namba ya mtu wa Nairobi aliyejenga maghorofa 12. Na usisahau gharama ya mtu wa kukusanya ushahidi. Kwa uzoefu wangu ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Utajua umefaulu ukiweza kumwonyesha mwenye fedha jedwali hilo, naye akaelewa bila wewe kusema neno.

## Hatua ya 9: Kabla ya kusaini, na kabla ya plasta

Mambo matatu kwenye mkataba wa mshauri.

Kwanza, atakayekusaidia kujaza asiwe ndiye atakayekukagua. Katika EDGE mkaguzi huangalia michoro, kisha hurudi eneo la ujenzi jengo likikamilika, na mtoaji wa cheti ni mwingine tena.

Pili, cheti cha awali si cha mwisho. EDGE hutoa cha awali kwenye hatua ya michoro, BREEAM ina tathmini ya muda ya hatua hiyo, Green Star ina cha usanifu na cha jengo lililojengwa. Wapo wanaotundika cha awali ukutani na kuendelea na maisha. Benki nyingine zitakubali, nyingine zitasimamisha awamu ya pili ya mkopo, ndiyo maana ya ile barua ya hatua ya pili. Hata wewe ukitaka kumhakiki mtu anayejisifu, tafuta jina la mradi wake kwenye orodha ya mtandaoni ya mtoaji wa cheti.

Tatu, mkandarasi awajibike kwa picha. Kizuia joto kikishafunikwa na dari hakionekani, na bomba la maji ya mvua likishapigiwa plasta ni maneno tu. Mwaka juzi tulilazimika kutoboa dari sehemu nne ili mkaguzi achungulie, huku mwenye nyumba amesimama chini na mfagio. Tangu hapo kila fundi wangu ana kundi la WhatsApp la mradi: picha kabla ya kufunika, pembeni yake lebo ya bidhaa isomeke, na risiti ya duka ipigwe picha siku hiyo hiyo, kwa sababu wino wa zile risiti za mashine unafutika kabla mvua ya Novemba haijaanza.